Mama Alivyosikika kwenye Spika ya Duka

Jamani, hili jambo nimelikalia kimya kwa aibu, lakini mtaa mzima wa wauza mapazia pale Kariakoo wanalijua, kwa hiyo heri mlisikie kwangu kuliko kwao (wale wanaongeza chumvi).

Mimi nauza mapazia, na nyumbani Ilala naishi na mama yangu, wawili tu tangu baba atangulie mbele ya haki. Vibaka waliporuka ukuta wakaondoka na mtungi wa gesi, nikanunua kamera, ile ya kuunganisha na simu, fundi akaifunga uani juu ya mlango wa jikoni, nami nikamwambia mama kwa mikogo kabisa, "Mama, haya sasa ndiyo macho na masikio yangu, nikiwa dukani nakuona na kukusikia." Mama akaitazama, akaipungia mkono, akacheka.

Raha yenyewe haikudumu. Kanga ikipepea kwenye kamba, simu inalia. Paka wa jirani akipita, inalia. Mama akitoka kumwaga maji, inalia, na mimi hapo nampimia mteja kitambaa, nikawa nazifuta arifa zote bila hata kuzitazama. Siku ya aibu yenyewe upepo ulikuwa mkali, zikanizidi, nikaingia kwenye mipangilio nikazima zile za vitu vinavyotikisika, nikaacha moja tu, ilie ikisikia sauti ya mtu. Nilijiona nina akili hizo! Hesabu yangu ilikuwa kwamba mchana mama yuko peke yake, hana wa kuongea naye, kwa hiyo sauti ikisikika uani huyo ni mwizi tu. Na nilimweleza hivyohivyo Mangi, mwenye duka la jirani (mtu wa Moshi, ndiyo maana tunamwita hivyo), naye akanisifu.

Sasa Kariakoo mnaijua, bila spika mlangoni huuzi. Simu yangu ilikuwa imeunganishwa na spika, inarudia sauti yangu niliyoirekodi, "Mapazia mazito, mapazia mepesi, ingia ndani uchague mwenyewe!" Duka limejaa, mmama mmoja ameshika pazia la maua analigeuzageuza, ghafla tangazo likakatika, spika ikapiga king'ora. Nikajua mwizi yuko kwa mama, nikabonyeza arifa haraka, na badala ya mwizi ikatoka sauti ya mama, nene, inasikika mpaka kona ya mtaa.

"Baba, ile bukta yako ya kulalia imetoboka tena makalioni. Nimeitia kiraka, usiwe unakaa kwa kujibwaga."

Mtaa ulicheka jamani! Mangi alikaa chini kabisa, kashika mbavu. Mimi natafuta pa kuizima sauti, nikabonyeza alama ya maiki nikidhani ndiyo ya kunyamazisha, kumbe ndiyo ya kuongea, kicheko chote kikaenda mpaka uani Ilala.

"Nani hao wanacheka?" mama akauliza.

Yule mmama wa pazia akawahi, "Shikamoo mama! Ni sisi wateja." Mangi naye shikamoo, wapita njia shikamoo, hata mimi (sijui kwa nini, asubuhi nilishamwamkia) nikasema shikamoo.

"Marahaba wanangu, marahaba," akaitikia, na furaha ilikuwa imejaa sautini. Halafu akauliza, "Baba, kumbe leo unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Maana kila siku naongea hapa hunijibu. Nikasema labda una wateja. Nikawa naendelea tu, si ulisema unasikia?"

Hakuna aliyecheka tena. Machozi yalinitoka mbele ya wateja, na hayo wala siyaonei aibu, ninayoonea aibu ni zile arifa nilizokuwa nazifuta, kumbe nyingine ni mama ananisemesha. Yule mmama akalikunja pazia taratibu, akaniwekea mezani.

"Nitarudi kesho, kaka. Nenda kwa mama yako."

Nikafunga duka mchana kweupe. Nilipofika mama akaanza kunigombeza kwamba nimeacha biashara, lakini mkeka alishautandika, tukakaa uani akanisimulia upya yote yaliyonipita, nyanya zilivyopanda bei, binti wa jirani alivyojifungua salama, na siku aliyomwota baba, akaamka akaja moja kwa moja mbele ya kamera kunihadithia. Arifa hiyo nayo niliifuta.

Siku hizi nimejifunza kupunguza arifa kwa adabu. Upande wa kamba ya nguo nimeiambia kamera isiuangalie, njia ya paka vilevile, na naapa simu iliyounganishwa na kamera haitagusana na spika tena maishani mwangu. Sauti ya mama nimeiacha. Ikilia natoka nje ya duka najibu, na mara nyingi hana hata jambo, anataka tu kujua kama nimekula, nami namwambia bado, hata kama nimeshiba, maana akinigombeza anachangamka.