Alimwambia Daktari Kwamba Napumzika

Bega langu la kulia lilichanika mwezi wa saba, siku niliyoteleza na ndoo ya kahawa. Sikuanguka. Afadhali ningeanguka. Nilishika tawi la mbuni ili ndoo isimwagike, mwili ukaenda bondeni, mkono ukabaki juu na tawi, na ndani ya bega kitu kikalia kama kitenge kinapochanwa dukani. Kahawa haikumwagika hata punje. Watu walinisifu kwa hilo.

Nikajikanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikafungwa majani. Mwezi wa nane nilishindwa kufunga kilemba, mwezi wa tisa nikashindwa kujisugua mgongo. Ndipo binti yangu wa kwanza, anayefanya kazi ofisi ya serikali kule ziwani, akapanda kunichukua.

"Mama, tunaenda hospitali kubwa. Na usibishe."

Sikubisha. Nilikuwa na haraka kuliko yeye. Mwezi wa tatu ndio wa kuchimba ngoro, na mimi nilitaka bega langu lirudi kabla ya mwezi wa tatu.

Kama hujafika kwetu, nikueleze. Milima ya Matiri imesimama kama ukuta, mvua ikinyesha inaondoka na udongo. Wazee wetu wakapata dawa yake. Mwanamume anafyeka nyasi, zikikauka anazipanga miraba miraba mteremko mzima, halafu anakwenda kunywa, kazi yake imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe katikati ya kila mraba, anachimba, udongo anautupa juu ya nyasi pande zote nne, na maharage yanafukiwa humo. Ukimaliza, mlima umekuwa kama sega la nyuki, na maji ya mvua yanatulia ndani ya mashimo badala ya kukimbia na shamba lako. Hizo ndizo ngoro. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alikagua ngoro zangu kabla hajakagua tumbo langu. Mume wangu alipokufa niliachiwa mlima mmoja na watoto watano, na sikwenda kumlilia mtu. Darasa la nne langu halikunipa kazi, bega ndilo lilinipa. Huyo binti wa ofisini alisomeshwa na bega hilo.

Hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima. Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni wa mikoa ya mbali, alinishika mkono kama anashika yai. Akatazama picha za ndani ya bega, akauliza:

"Bibi anafanya shughuli gani nyumbani?"

Nikafungua mdomo. Binti akaniwahi.

"Alishaacha kazi, daktari. Anapumzika tu. Tunamtunza."

"Hata jembe hashiki?"

"Jembe? Kwa umri huu? Labda amwagilie maua."

Maua! Tangu nizaliwe sijawahi kumwagilia ua. Lakini nilinyamaza, na hapa ndipo panaponiuma kuliko mshono. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia raha. Mlango ulikuwa wazi, na mama mmoja wa rika langu aliyekaa kwenye benchi nje, khanga yake imechakaa, aliniambia nilipotoka, "Umebarikiwa mwenzangu, una watoto." Nikaitikia. Nilidhani binti anasema maneno ya adabu, kama ukifika ugenini na njaa ukasema umeshiba. Viganja vyangu vilikuwa na sugu ngumu kama kwato. Nilivificha chini ya khanga mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Binti na daktari wakazungumza kidogo koridoni. Kisha daktari akarudi, akaniambia wataingia ndani ya bega wasafishe, maumivu yaondoke.

"Nitapona?"

"Utapona, bibi."

Hakunidanganya. Alimjibu yule bibi wa maua.

Wakanilaza, nikasinzia katikati ya sala. Nilipoamka mdomo ulikuwa mkavu kama jivu na mkono umefungwa kifuani kama kuku anayepelekwa mnadani. Bega lilikuwa zito, si langu. Nilimwambia nesi, "Chukueni hilo bega lenu, mimi nipeni langu." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tukateremka ziwani, nyumbani kwa binti. Sitasema alinitunza vibaya, Mungu anasikia. Aliniogesha. Alinifunga khanga. Alinichambulia samaki miiba kama mtoto, na usipa, wale dagaa wa Nyasa, alinikaangia kila nilipotaka. Akina mama wa kanisani kwake walikuja na sukari kunipa pole, naye akawa anawaambia, "Sasa mama amekuja kupumzika kabisa." Mimi nacheka moyoni. Najua mwenyewe nitakuwa wapi mwezi wa tatu.

Nyuzi zilipotolewa nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi kwenye kituo cha karibu, msichana mwenye mikono ya nguvu. Akanifundisha kuinama na kuuacha mkono ubembee kama ndoo kwenye kamba. Akanifundisha kupandisha vidole ukutani, polepole, kama mjusi. Nyumbani nilifanya mara nyingi kuliko alivyosema. Nikawa natia alama ya mkaa kwenye ukuta wa uani. Alama ikapanda mpaka kifuani, ikapanda mpaka kwenye kidevu, ikasimama. Siku kumi, siku ishirini, kidevu kile kile. Maumivu kweli yalikuwa yameondoka. Lakini ukinipa sufuria ya maji, mkono unatetemeka na kushuka wenyewe.

Mwezi wa pili nikamwambia yule msichana, "Mjukuu wangu, sasa nifundishe zoezi la jembe. Siku zimeisha."

Akacheka. Kisha akakishika kiganja changu, akakigeuza, akaacha kucheka.

"Bibi, sugu hii ya nini?"

"Ya mpini. Ya nini tena?"

"Ya zamani?"

"Ya mwaka jana. Na mwaka juzi. Na kabla hujazaliwa."

Akafungua jalada langu, akasoma, akarudia. "Hapa wameandika mgonjwa hafanyi kazi nzito."

Akanieleza taratibu, akiwa ameketi karibu yangu. Ndani ya bega kuna kano, ni kama kamba inayoinua mkono. Yangu ilikatika. Kwa mtu wa jembe wangejaribu kuishona, ningefungwa mkono muda mrefu zaidi na kuumia zaidi, na huenda ingeshika. Kwa mtu wa kupumzika wanasafisha tu, wanaiacha. Maumivu yanaondoka, nguvu hairudi.

"Basi washone sasa."

"Muda umepita, bibi. Imeshasinyaa." Akanitazama. "Nani aliwaambia hulimi?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Binti alirudi kazini akanikuta uani. Hakuvua hata viatu.

"Ulijua kwamba wangeweza kushona?"

"Kushona nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Bega."

Akaweka mkoba chini. "Daktari alinieleza koridoni. Alisema njia ni mbili, moja ina mateso mengi na haina uhakika. Nikachagua isiyokutesa."

"Ulichagua. Mimi nilikuwa wapi? Machungani?"

"Mama, una miaka mingapi? Ungechimba mpaka lini?"

"Mpaka nife. Wewe inakuhusu nini?"

"Inanihusu!" Sauti yake ikapanda, majirani wakasikia, na yeye huwa anaogopa majirani. "Watu wananiuliza, kweli mama yako bado anachimba mashimo mlimani, na wewe una kiti serikalini? Nijibu nini?"

"Ujibu kwamba mashimo hayo ndiyo yalikuvisha sare."

Akalia. Halafu akasema neno ambalo sijalimeza mpaka leo: "Na wewe si ulikuwepo, mama? Mbona hukusema kitu?"

Kweli nilikuwepo. Lakini mimi nilinyamaza siku ile moja, kwa majivuno ya kijinga. Yeye alinyamaza miezi minne, ananiona kila asubuhi napandisha vidole ukutani kama mjusi, anaona alama zangu za mkaa, na ananipa chai.

Kesho yake nikapanda kwenda kwangu. Hakunizuia.

Shemeji yangu alikuwa ameshapanga nyasi, kama kila mwaka. Miraba imekaa mlima mzima, inasubiri. Nilichukua jembe. Nikaliinua mpaka tumboni, likarudi. Nikajaribu mkono wa kushoto, jembe likagonga mguu wangu. Nikakaa juu ya nyasi na sikulia, sikutaka kuliona bega likinifurahia.

Jumamosi iliyofuata binti akatokea. Amevaa mabuti na khanga ya zamani, jembe langu ameshalichukua mlangoni. Akasema, "Shikamoo mama." Nikasema, "Marahaba." Akaingia kwenye mraba wa kwanza akaanza kuchimba. Sikumwita na sikumfukuza.

Mchana akaja nilipokaa, akanionyesha viganja. Malengelenge manne mkono mmoja, mawili yamepasuka. Kwetu hata mtu akidondosha kijiko anapewa pole. Mimi nilivitazama viganja vile, nikatazama pembeni. Pole yangu haikutoka. Akasubiri kidogo, akarudi mrabani.

Kabla jua halijashuka, jirani yangu mmoja mwenye mtungi wa maji akapita njia ya juu. Akasimama, akashangaa.

"He! Leo ofisi imehamia mlimani? Na mama je, bega linaendeleaje?"

Binti akainua uso, akafungua mdomo, akanitazama. Akaufunga.

"Mimi?" nikamjibu jirani. "Mimi napumzika."

"Hongera, mwenzangu. Umelea."

Akaenda zake. Binti alikuwa ameinama, jembe linapanda na kushuka, na sikumwona uso. Shimo lake lilikuwa limepinda, ukingo wa chini mwembamba, maji ya mvua moja tu yangeubomoa. Nikamwambia alirudie.