Nguo za Namba Tisa

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mama Pacha aliamka gizani kufagia mbele ya nyumba. Ndiyo siku ambayo kamati ya wenye nyumba ilipita mtaani na faili lake, ikikagua mifereji ya paa, majani, rangi za kuta na mapipa ya taka. Mwenye nyumba akikosea, aliambiwa kwa mdomo na mambo yakaisha. Mpangaji akikosea, barua ilikwenda kwa mwenye nyumba wake, na ya tatu ikifika, mpangaji anafungasha.

Yeye alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mfereji wa paa uliokatika, ambao mama mwenye nyumba wake alikuwa akiahidi kuutengeneza tangu mwaka juzi. Ya pili ilikuwa ya vipande vya vitambaa. Mama Pacha ni fundi cherehani, na siku moja upepo ulifunua pipa lake na kutawanya makombo ya kitenge barabara nzima. Aliyaokota mpaka la mwisho, akipiga magoti, lakini katibu wa kamati alishaandika.

Mabinti zake mapacha walikuwa kidato cha mwisho, shule iko nyuma ya mtaa, na mtihani ulibaki wiki kumi na sita. Kuhama sasa ilikuwa kwenda kuanza upya mbali, na yeye alijua watoto wanavyopotea katika kuhamahama kwa namna hiyo. Baba yao ni dereva wa lori, wiki tatu yuko njiani. Wasiwasi wote wa nyumba ile ulikuwa wa mtu mmoja.

Nyumba kumi na nne za mtaa ule zilijengwa wakati kila mtu ananunua. Kisha bei zikaporomoka. Waliobanwa na mikopo walirudisha funguo benki, wengine wakahama na kumpangisha yeyote aliyebisha hodi. Wenye nyumba waliobaki walikuwa sita, nao waliamini kabisa kwamba wapangaji ndio walioshusha bei, ingawa wapangaji walikuja bei ikiwa imeshashuka. Nyumba tatu zilibaki tupu. Namba kumi na mbili iliingiliwa mchana kweupe, wezi wakang'oa fremu za madirisha, nyaya, masinki, hata kitasa cha choo.

Namba tisa nayo ilikuwa tupu, na ilipakana ukuta na chumba cha mapacha. Mama Pacha alipoona ya namba kumi na mbili, alikosa raha. Akawaza, mwizi anataka nini? Anataka nyumba iliyokufa. Basi akaifufua. Geti halikuwa na kufuli, kwa hiyo aliingia uani kila asubuhi, akafagia, akang'oa majani, akafunga kamba mbele ya baraza na kuanika nguo zake huko. Mlangoni aliweka viatu vikuukuu vya mumewe. Kesho yake akaviondoa, akaweka ndala za kike. Mapacha walimcheka. Walimwambia watu wa namba tisa wana nguo nyingi kuliko wao, na baba wa nyumba ile angalau anarudi nyumbani kila siku.

Aliizoea kazi ile mpaka akasahau jambo moja: katika faili la kamati ilikatazwa kuanika nguo mbele ya nyumba.

Jumamosi ya ukaguzi iliyofuata alikuwa ameinama kwenye cherehani karibu na dirisha. Alisikia hatua za watu zikimpita, zikasimama namba tisa. Mashuka yake mawili yalikuwa pale, na suruali, na sketi za shule.

Walikuwa wawili: katibu, mwanamume wa sauti kubwa aliyewahi kuwa msimamizi wa ghala, na Mwalimu, mwanamke mstaafu anayekaa peke yake ng'ambo ya barabara, mwenyekiti wa kamati. Katibu alisema amekuwa akiwashuku siku nyingi hawa wavamizi. Familia nzima imejipenyeza bila mkataba. Na huyo mwanamume wao hana adabu; alikutana naye getini, akamsalimu, wala hakuitikia.

Mama Pacha alijiziba mdomo. Kicheko kilimjia katikati ya hofu. Mwanamume gani?

Kisha kicheko kikaisha. Katibu alisema Jumatatu ataleta watu wavunje mlango, wawatoe hao waliomo, wapigilie mbao madirishani. Mbao! Angekuwa anawaandikia wezi kibao kwamba nyumba haina mtu. Na ukuta wa mapacha ndio huo huo.

Angeweza kukaa kimya. Nguo zingekwenda na maji, angenunua nyingine. Lakini katibu alianza kuzivuta kambani kama ushahidi, na Mwalimu akazishika sketi mbili za kipimo kimoja, akazitazama, kisha akageuza uso taratibu kuelekea dirisha la cherehani.

Mama Pacha alijikaza kisabuni, akatoka.

"Hakuna mtu humo, Mwalimu," alisema. "Hizo nguo ni zangu. Naanika ili ionekane kuna watu."

Katibu alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Na yule mwanamume?"

"Ni viatu tu, kaka."

Katibu alifungua faili, shingo imemwiva, akasema hiyo basi ni barua ya tatu, na ya kuingia nyumba ya watu juu yake.

"Andika," Mwalimu alisema. "Halafu andika na hili. Tangu nianze kuona hayo mashuka asubuhi, nimeacha kuegemeza kabati mlangoni nikilala. Andika hivyo hivyo, kwa jina langu."

Katibu hakuandika. Walisogea pembeni, wakanong'ona kwa muda mrefu, na Mama Pacha akabaki amekumbatia shuka bichi linalomlowesha kifua. Waliporudi, barua ilikuwa imefutwa. Badala yake kamati ilimkabidhi nyumba zote tatu tupu, azitunze kama alivyoitunza namba tisa, ila nguo zihamie kamba ya pembeni. Katibu alisema anaweza kuchangia suruali zake mbili kuukuu. Alisema bila kucheka.

Akaletewa karatasi atie sahihi. Yeye aliishia darasa la saba na husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mstari wa mwisho ulisema kitakachopotea katika nyumba hizo, atajibu yeye.

"Mwalimu, na hapa?"

"Hapo amenishinda," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Ndicho alichotaka ili akubali."

Alihesabu wiki kumi na sita kichwani, moja moja, kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha. Akatia sahihi.

Jumapili asubuhi alikuwa namba kumi na mbili na ufagio, akikusanya vioo chini ya madirisha yasiyo na fremu. Kila geti lililolia mtaani lilimfanya ageuke.