Kizuka Aliyeposwa Barazani

Chuo chetu hakikuwa na mlango wala dawati. Kilikuwa kwenye mtandao, nasi wanafunzi, watu wazima wenye watoto na wengine wajukuu, tulikutana kwenye ukurasa tuliouita baraza. Mimi na shoga yangu tulisomea cheti cha kufundisha watoto wadogo. Yeye alishafundisha miaka mingi kwa uzoefu tu, na skuli yake ilimwambia wazi kwamba bila cheti, mwaka ujao hana darasa. Kila Jumamosi tulikwenda duka la intaneti karibu na Darajani, tukabanana kwenye kiti kimoja, yeye akifikiri na mimi nikibofya, maana vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko akili yangu.

Kisha mumewe akafariki, naye akakaa eda. Mjane aliye edani, kizuka kama tunavyomwita, hatoki ovyo wala hajipambi, na mawifi zake walihamia pale pale kumwangalia. Masomo hayakusimama. Alinisomea majibu yake chumbani, nikayaandika, nikayapeleka barazani kwa jina lake. Nilimweleza mwalimu wetu, aliyekuwa nchi ya mbali, naye akakubali. Lakini baraza lile lilikuwa na ukurasa wa habari za wanachama: nani kafaulu, nani kajifungua, nani kafiwa. Mwalimu akaitia na habari hii ya msiba na eda, kwa nia njema.

Pole zikamiminika. Mwanachama mmoja wa Chukwani, mtu mzima na ndevu zake, akaandika: "Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Dada, ukitoka eda ujue mimi nipo, na nia yangu ni ndoa."

Damu ilinipanda. Kizuka haposwi! Mwenye haja naye hungoja eda ishe, ndipo atume wazee. Huyu aliposa mbele ya kaumu nzima, kana kwamba kuandika si kusema. Wanasema mdomo huponza kichwa, lakini wake uliponza kichwa cha mwingine. Mwalimu aliyafuta maneno yale nilipomwomba, ila mji wetu hauhitaji kompyuta kusambaza habari. Nilipofika kwa shoga yangu, wifi yake mkubwa alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bi."

Hakuitikia. "Kaburi la kaka yangu halijakauka, mkewe anaposwa kwenye kompyuta! Ndo masomo yenu hayo?"

"Wallahi, Bi, hata hayajui maneno hayo. Wala mtu mwenyewe hamjui."

"Basi kajuaje kuwa yumo edani?"

Nilivua viatu nikampita. Ndani, shoga yangu alikuwa amekaa mkekani, macho yamemvimba kwa kulia. Walikuwa wamemwambia achague: masomo yale, au watoto, kwani watoto ni damu ya kaka yao.

"Nitoe," aliniambia. "Andika nshaacha."

"Na darasa lako?"

"Andika, mwenzangu."

Nilirudi dukani nikaandika hivyo hivyo, neno moja tu, kwa hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Siku chache baadaye ukurasa wa habari ulitangaza kwamba mwenzetu ameacha masomo kwa hiari yake. Chini yake watu walimtakia kheri, na wa kwanza alikuwa yule bwana wa Chukwani.