Kifuniko cha Milimita

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi vioo, mwaka wa thelathini na nne sasa. Ukimwambia dirisha lako lina upana wa futi tatu alikutazama kama umemtukania mama, kisha akatoa tepu mfukoni na kupima mwenyewe. Alipima mara mbili, na ya tatu ili moyo utulie.

Tangu mwaka uanze, mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Chai aliinywa kwa mkono wa kushoto. Kazini alimwachia mwenzake kukata, yeye akabaki na kazi ya kupima na kupatana na wateja, na mtu akimuuliza, alisema mabosi hawakati. Nyumbani hakusema kitu. Nyumbani siku hizi ni yeye na mkewe tu, nesi mstaafu, maana watoto walishakuwa na nyumba zao. Milimita aliogopa, na aliogopa zaidi kwamba mkewe angejua. Fundi vioo asiyekata kioo hakujua amwite nani.

Mkewe naye alikuwa na bahari sebuleni. Lilikuwa tangi la lita mia tatu, Milimita alilijenga mwenyewe mwaka mkewe alipostaafu. Ndani yake mlikuwa na matumbawe hai, mengine ya zambarau, mengine yamejikunja kama majani ya kabichi, na samaki saba. Mama huyu alililea tangi kwa taratibu za wodini: asubuhi kupima joto, jioni kupima chumvi, yote yakaandikwa. Jirani mshona viatu alisema angezaliwa upya angeomba awe tumbawe la nesi.

Asubuhi moja samaki mwekundu mwembamba alikutwa amekauka nyuma ya kochi. Samaki wa aina ile akishtuka huruka, na tangi lilikuwa wazi.

"Baba, linataka kifuniko," mkewe alisema.

"Cha namna gani?"

"Kwa rafiki yangu wameweka wavu kwenye fremu. Samaki hatoki, na hewa inapita."

"Wavu?" Milimita alicheka. "Mimi nipo hai, halafu tangi la nyumbani kwangu lifunikwe chandarua? Wateja wakisikia nitaficha wapi uso wangu?"

Ikawa kioo. Alikikata siku ya mapumziko, karakana ikiwa tupu, mlango ameufunga kwa ndani. Kioo cha kwanza kilipasuka kombo. Cha pili vilevile, na cha tatu. Cha nne alikikata ameegemeza kiwiko mezani, pumzi ameibana, na mstari ukanyooka. Akasaga kingo mpaka zikawa laini, akatoboa nafasi ya mabomba, akagandisha na kishikio. Akakibeba hadi nyumbani kifuani, kama mtu aliyepokea mjukuu.

Mkewe alikisifu. Alikipitishia kidole pembeni, akasema kazi ni kazi. Usiku ule Milimita alilala fofofo, mara ya kwanza baada ya miezi.

Wiki ya tatu alirudi kutoka kazini, akainua kifuniko ili akikaushe. Kioo kinachoshinda juu ya maji ya uvuguvugu lazima kitoe jasho chini, na jasho la maji ya chumvi likikauka huacha utando mweupe. Hilo fundi vioo hafundishwi. Chini ya kioo chake hakukuwa na jasho wala utando. Kilikuwa kikavu, kimefutwa, kimerudishwa mahali pake muda si mrefu.

Hakuuliza. Kesho yake akapitisha kidole tena, keshokutwa tena, na kila mara kidole kilirudi kikavu. Ilimuuma. Alijiambia mkewe ameona dosari na anamstahi. Mkewe alipoingia kuoga, alitoa tepu akakipima kioo pande zote. Hakikuwa na kosa hata la unene wa unywele. Badala ya kufurahi, akazidi kuumia, maana sasa hakujua kosa liko wapi.

Ijumaa aliaga kazini mapema akafika nyumbani saa sita mchana. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani juu ya taulo. Mkewe alikuwa ameketi kwenye stuli, ubavu kwa ubavu na tangi, mkono mmoja kwenye ukingo wa kioo. Karibu naye palikuwa na sahani ya chakula iliyoliwa nusu.

"Unafanya nini hapo?"

"Nawalinda samaki wasiruke."

"Tangu lini?"

"Ukitoka naketi. Ukikaribia kurudi nafunika."

Milimita akakumbuka kwamba shemeji yake alikuwa amelalamika kuwa dada mtu hamtembelei tena. Wiki mbili nzima mama huyu alikuwa amejifanya kifuniko.

"Kioo changu kina nini?"

"Hakina kitu. Ni kizuri mno, hakipitishi hewa. Joto halitoki, maji yanachemka polepole. Hebu tazama chini."

Akatazama. Siku zote alikuwa anakitazama kioo, si kilichomo. Ncha za matumbawe ya zambarau zilikuwa nyeupe kama chaki, zimeanza kufa.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikatia kingine. Na mkono wenyewe ndio huo."

Milimita akautumbukiza mkono mfukoni. Akauona upumbavu wake, akautoa.

"Umejua lini?"

"Baba, nimeshika mikono ya wagonjwa maisha yangu yote. Wako ndio nisiuone? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hapo hapakuwa na kilio. Palikuwa na pampu inayonguruma na watu wazima wawili wasiojua watazame wapi. Milimita aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Nyuma ya aibu ikaja nafuu kubwa, akakaa chini sakafuni.

Baadaye alitoka, akarudi na fremu ya aluminiamu, wavu mweupe wa matundu mapana na mpira wa kubania. Alipima, akaunganisha, akatandika wavu juu. Mpira hukandamizwa ndani ya mfereji wa fremu kwa gurudumu dogo, na gurudumu linataka mkono uliotulia. Lake lilitoka mferejini mara mbili. Mara ya tatu aliuinua mkono wa kulia mbele ya mkewe, ukitetemeka, akauacha hapo aone.

"Nishike," alisema.

Mkewe akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili. Gurudumu likaenda. Wakazunguka pande zote nne.

Walipomaliza wakaiweka fremu juu ya tangi. Mkewe akaibonyeza pembe kwa pembe, kisha akaisogeza stuli mbali, ukutani.

"Haya, samaki hawanihitaji tena," alisema. "Jumatatu nakupeleka hospitali."

Milimita alitaka kusema Jumatatu ana wateja.

"Saa ngapi?" akauliza.