Kabati la Uzee

Kazi yake ilikuwa kuzeesha vidonge, na kwa kazi hiyo walimwita Mzeeshaji. Kiwandani kulikuwa na kabati la chuma lililomzidi kimo, ndani yake joto na unyevunyevu kama bafu lililofungwa. Vidonge vikikaa humo miezi michache vilipata uzee wa miaka. Hapo alivitoa, akavitumbukiza katika maji makali yaliyowekwa badala ya tumbo, akautazama utando wa nje, ule ambao kiwandani wanauita koti. Koti jema huvumilia ukali wa tumbo, kisha likifika utumboni hufunguka na kuitoa dawa. Lililozeeka vibaya ama hupasuka mapema kama mlevi aliyepewa siri, ama hukakamaa, kidonge kikapita mwilini kizima kama abiria aliyelala akapitilizwa kituo chake.

Alikuwa mtu wa haki. Hakupitisha kidonge kwa sababu ya sura.

"Mng'ao si kitu," alisema. "Nioneshe utakavyokuwa ukishazeeka."

Ubaya wake, kazi aliibeba mpaka nyumbani. Viatu vipya vya mkewe alivining'iniza juu ya birika linalochemka mpaka soli zikabanduka. "Afadhali tumejua mapema," akasema, na mkewe akaenda sokoni na kandambili.

Kwa hiyo binti yao wa pekee alipoleta mchumba, fundi majokofu, alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Baba yake akikataa, ndoa hakuna. Na kijana alikuja amevaa koti jeusi linalometameta! Mzeeshaji alilitazama mara moja tu, akaamuru madirisha yafungwe na masufuria ya maji yaletwe sebuleni pamoja na majiko yake.

"Baba, mtu ataiva!" binti alinong'ona.

"Kama ni wa kuiva, aive hapa, asije akakuharibikia huko kwenu."

Mvuke ukajaa. Kalenda ukutani ikajikunja. Jasho la mchumba likawa linadondokea kwenye chai yake, naye akawa anainywa kwa adabu.

"Vua koti, mwanangu," mama mtu alimwonea huruma.

"Ahsante mama, niko sawa kabisa."

"Limekakamaa," Mzeeshaji akamnong'oneza mkewe. "Kuna kitu anaficha." Akapaza sauti: "Wewe si fundi majokofu? Jipoze basi!"

"Mzee, hata jokofu halipozi bila umeme."

Binti akacheka. Baba hakucheka.

"Nikikupa mwanangu, miaka kumi ijayo utakuwa mtu wa namna gani?"

"Sijui, mzee. Najua tu nitakuwa nimezeeka."

Jibu hilo halikumo katika vipimo vyake vyote. Alikuwa bado analitafakari alipoona kijana amemkodolea macho kwenye paji la uso. Mfereji mweusi ulikuwa unashuka kutoka kwenye nywele za Mzeeshaji, ukafuatwa na mwingine.

Kwa miaka mingi alikuwa akizipaka nywele rangi kila Jumapili, mlango umefungwa, kwa sababu kiwandani alijipunguzia umri ili asistaafishwe. Binti hakujua. Mkewe alijua, foronya zilimwambia.

Tone lilikuwa linaelekea jichoni mwa Mzeeshaji. Mchumba akajipapasa mifukoni, hakupata leso. Akasita, akamtazama binti, kisha akavua koti.

Shati lake lilikuwa na kola na kifua tu. Mgongoni hapakuwa na kitu ila kamba mbili zilizofungwa fundo.

"Samahani, baba," akasema, akampangusa mkwe wake paji la uso kwa bitana ya koti. "Itakuwasha."

Mama mtu alijishika mbavu. "Jamani! Mmoja mgongo wazi, mwingine kichwa wazi! Haya, mpimaji, nani kafaulu?"

Mzeeshaji angeweza kupiga kelele. Mwenye nyumba ni yeye. Lakini aliutazama ule mgongo mtupu na kuona kwamba kijana alijua fika kitakachoonekana, akavua hivyo hivyo, kwa ajili ya jicho la mtu aliyekuwa anamchemsha.

"Koti lake limefunguka mahali pake," akasema. "Langu limekakamaa, likaja kupasuka mbele ya mgeni. Fungueni madirisha. Mwoeni... yaani, oaneni."

Kesho yake alikwenda kazini na kichwa cheupe pe. Mlinzi wa getini akamzuia.

"Babu, unamtafuta nani?"

"Mimi ndiye Mzeeshaji."

"Kha! Kabati limekufungia ndani?"

Alimkuta mkubwa wake kwenye chumba cha vipimo, akamweleza yote mbele ya lile kabati lililo wazi: umri wake wa kweli, rangi, na kwamba mtu anayekataa vidonge vya watu kwa koti bovu hawezi kubaki na lake. Mkubwa, mwenye nywele nyeusi tititi, alimsikiliza kwa makini sana, huku akirudi nyuma hatua kwa hatua, mbali na mvuke.