Baba Hakufika Bagamoyo

Nichekeni tu, nimeshazoea, ila mjue aibu hii ninayo tangu enzi za Mwingereza na hadi leo nikiikumbuka natazama chini.

Nilikuwa nasomea ualimu Tabora, na Mzungu wetu wa Kiingereza alikuwa ametusomesha mchezo wa kuigiza wa Kimarekani, wenye sifa sana huko kwao, wa mzee anayewasimulia wanawe ushujaa ambao hakuufanya. Wahakiki wameugombania: wengine wanasema mzee ni muongo, basi, wengine wanasema alidanganya kwa mapenzi, ili wanawe wapate baba wa kujivunia. Siku ya wazazi tukaambiwa tuubishanie kwa Kiswahili, wageni nao wafaidi, mimi nikapangwa upande wa muongo. Barua ya kumwalika baba niliificha sandukuni (nilionea haya miguu yake mitupu, mimi ambaye viatu nilikuwa nimevizoea mwaka mmoja tu kabla).

Nilianza vizuri, lakini makofi yakanilevya. Sasa, kwetu Ipole, mwanamume aliyepata kubeba mzigo hadi pwani ndiye husikilizwa kwanza penye pombe, na baba kila mavuno alitusimulia alivyofika Bagamoyo na pembe ya ndovu begani kabla ya reli. Mama alishaninong'oneza kwamba miguu ilimvimba Ugogo akarudishwa. Siri ya mama, jamani, nikaitoa hadharani.

Nikasema, "Ya nini kwenda mpaka Amerika? Mzee huyo ninaye nyumbani."

Ukumbi ukaangua kicheko, nami, mpumbavu niliyepata watazamaji, nikatwaa kiti nikakiweka begani kama pembe, nikatembea kwa madaha huku nachechemea, nikageuka, na mlangoni nikamwona baba amesimama na kibuyu cha asali. Jirani yetu, ambaye mwanawe alisoma nasi, ndiye aliyemwambia aje. Kiti kikaniponyoka kikavunjika mguu, watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka.

Baba akaomba kusema. Mwalimu, asiyemjua, akamruhusu.

"Kijana amesema kweli, niliishia Ugogo," akasema taratibu. "Ya Bagamoyo nilianza kumwambia alipokuwa anatoroka shule. Sikutaka ajue kwamba baba yake alirudia njiani."

Akaweka kibuyu mezani, akawaaga wakubwa, akatoka. Nami sikumkimbilia, nilibaki nimeshika mguu wa kiti, nangoja matokeo. Upande wetu ulishinda.

Likizo nilimwangukia miguuni, akasema yamekwisha, na nadhani alinisamehe kweli. Ila jioni ile wadogo zangu walipomwomba hadithi ya Bagamoyo alitabasamu kidogo akasema, "Muulizeni kaka yenu, yeye ndiye msomi." Hakuisimulia tena mpaka tunamzika, na penye pombe akawa anakaa nyuma.

Tangu hapo nimeufundisha mchezo ule miaka mingi, na upande wa muongo sijampa mwanafunzi yeyote autetee. Bagamoyo pia nimefika, kwa treni na basi, nimevaa viatu. Nyumbani sijamwambia mtu, wala sitamwambia.