Panya Walioacha Kubonyeza Kitufe

Maabara nzima ilimwita Mama Panya. Jina hakulipenda, ila kwa miaka kumi na moja aliliitikia. Aliwalisha, kuwapima uzito na kusafisha vizimba vya panya ambao daktari aliwafundisha kubonyeza kitufe ili wapate tone la kokeini. Daktari alitafuta dawa ya kuziba vipokezi vya dopamini, zile sehemu za ubongo zinazopokea ujumbe wa raha, ili kokeini ibishe hodi isifunguliwe.

Jumatatu moja, panya waliodungwa dawa mpya waliacha kubonyeza. Daktari akaanza kuandika ripoti siku hiyo hiyo. Mama Panya akamweleza kwamba hawakugusa hata chakula. Daktari, bila kuinua macho, akamwambia aandike daftarini. Mama Panya alikwisha kuandika mara tatu. Daftari lenyewe halikuwa na msomaji.

Nyumbani nako hakukukalika. Mdogo wake, aliyeacha kokeini mara nne na kuirudia mara nne, alidokezwa na mama yao kuhusu dawa hiyo. Akawa anapiga simu kila asubuhi.

"Dada, niletee hata kidogo. Mimi nijaribiwe tu."

"Unataka kuacha kokeini au kuacha kutembea kama wale panya?" alifoka.

Kisha mdogo wake akasema taratibu kwamba amechoka, akakata simu. Mama Panya alibaki na simu mkononi, hasira zote zimemgeukia mwenyewe.

Alhamisi alimbeba panya mmoja hadi ofisini, akasogeza karatasi za daktari, akaiweka miguu ya mbele ya panya juu ya ukingo wa kitabu. Panya mzima angeshuka papo hapo; huyu akaganda vivyo hivyo kama nguo iliyoanikwa.

"Hawajaacha kutaka, daktari. Wameshindwa kunyanyuka."

Daktari alimtazama panya kwa muda mrefu, kisha akaomba lile daftari. Ripoti haikutumwa. Dawa ile iliwekwa kando, wakaanza nyingine iliyolenga aina moja tu ya kipokezi. Baada ya miezi saba panya walikula, walitembea, na kitufe walikibonyeza nusu ya zamani. Daktari alisema kabla ya kumpa binadamu bado kuna miaka.

Mama Panya alimweleza mdogo wake hivyo hivyo, bila kupamba maneno. Akamwandikisha kwa mshauri wa kituo cha afya, kila Jumatano. Mara anakwenda, mara haendi. Asipokwenda, dada yake humfuata mlangoni, anamgombeza njia nzima, na wanafika.